Balbu Isiyounguza

Mita ililia tena asubuhi, fundi rangi akiwa hajamaliza chai. Mlio wake si mkubwa. Ni kama wa panya aliyebanwa na mlango, ila katika nyumba ile kila mtu aliujua, na kila mtu alijifanya hajausikia. Fundi akaweka kikombe chini. Juzi tu aliweka yuniti. Juzi! Nyumba yenyewe chumba, sebule na jiko la kugeukia mgongo. Hakuna friji, na pasi iliungua waya zamani. Sasa umeme unaliwa na nani?

Alijua unaliwa na nani. Unaliwa na mama mkwe.

Mama mkwe alikuja siku mtoto alipotoka hospitali, na tangu ajifungie chumbani na binti yake na mjukuu wake, taa ya mle ndani haijawahi kuzimwa. Usiku inawaka, mchana inawaka. Ni taa ya mezani, yenye shingo ya kukunja, fundi aliipata kwenye ofisi moja waliyokuwa wanaipaka, wenyewe wanahama wanatupa vitu. Balbu yake ya halojeni, kama balbu zote za nyumba ile. Mlango wa chumba ukifunguliwa kidogo, mwanga wa njano unachungulia sebuleni kama jirani mmbea. Fundi alishaamua moyoni kwamba mama mkwe anaogopa giza. Mtu mzima, amezika mume, amelea watoto sita, anaogopa giza! Lakini utamwambiaje? Mkwe hamuulizi mkwe mambo ya chumbani. Ukiuliza unaonekana bahili, ukinyamaza mita inakulilia.

Angemuuliza mkewe. Ila mkewe naye alikuwa mbali, mbali ya ukuta mmoja. Alijifungua kwa kupasuliwa, mtoto kaja kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba siku fundi alipoonyeshwa alidhani wamekunja kanga tupu. Hawakumpa jina. Hakuna aliyesema kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Walimwita "mgeni", kama mtu aliyepita kusalimia tu, hajaweka hata mkoba chini. Fundi mwenyewe alikuwa analala kwenye kochi sebuleni, miguu imening'inia, kwa sababu ya thina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Kazi yake inamrudisha nyumbani ananuka thina mpaka kope, na mama mkwe alimpiga marufuku mapema, tena kwa heshima zote.

"Baba, hiyo harufu itamchoma mgeni kifua. Wewe tulia huko, salamu zake tutakuwa tunakuletea."

"Sawa, mama," fundi akasema.

Na ukweli ambao hakumwambia mtu ni kwamba aliona nafuu. Alimwogopa yule mtoto. Yeye ambaye angesimama kwenye ngazi ghorofa ya tatu, mkono mmoja brashi, mkono mwingine anajikuna, akiona kile kidole kama njiti ya kiberiti anarudi nyuma. Je, akimvunja?

Akamaliza chai wima, akachukua kofia yake, akaaga mlango uliofungwa. "Natoka, mama."

"Kazi njema, baba," mlango ukajibu.

*

Kazini walikuwa wanapaka nyumba ya mtu mwenye nafasi zake. Fundi umeme alikuwa mle mle, anabadilisha taa za nyumba nzima. Wenzake walimwita Shoti, kwa sababu umeme ulishampiga mara nyingi mpaka nywele za mbele zikakataa kulala. Fundi rangi akamwagia moyo wake wakati wanakunywa maji.

"Usiku na mchana?" Shoti akauliza.

"Usiku na mchana. Jua kali nje, taa ndani. Nadhani anaogopa giza."

"Una bahati. Wa kwangu anaogopa giza na kimya. Anawasha taa anawasha na redio."

"We cheka tu. Mimi mwisho wake nitalala na kibatari."

"Balbu gani hizo?"

"Halojeni. Nilizikuta na nyumba."

Shoti akapiga mluzi. "Ndugu yangu, hiyo siyo taa, hilo ni jiko. Umeme wako wote unageuka moto, mwanga ni chenji inayobaki. Njoo huku."

Akatoa balbu ya LED kwenye boksi, akaisokota mahali pake, akaiwasha. Mwanga mweupe ukamwagika ukutani mpaka fundi akaona pale alipoacha mstari wa brashi.

"Ishike," Shoti akasema.

"Imewaka, bwana."

"Ishike! Mwanamume mzima unaogopa balbu?"

Fundi akaigusa kama mtu anayegusa nyoka aliyeambiwa amekufa. Kisha akaikumbatia kwa kiganja kizima, akaanza kucheka. Haikumuunguza. Kioo kilikuwa baridi kama tumbo la chura, na mwanga unatoka tu.

"Uchawi huu!"

"Uchawi wapi. Akili za watu." Shoti akamhesabia balbu zilizobaki, akamtilia kwenye mfuko. "Chukua. Nyumba yako yote inatosha, mpaka hiyo taa ya mama mkwe. Aiwashe mpaka meno yake yaote upya, mita haitajua."

"Nitakulipaje?"

"Utanipakia geti. Rangi ya bluu. Na usinipake ile ya maji kama ulivyompaka mwenye duka, nimeiona, imeanza kulia machozi."

Fundi akarudi nyumbani mapema siku hiyo na mfuko ameukumbatia kama mayai.

*

Alikuta mama mkwe yuko uani anafua nepi. Mkewe amelala. Akaona hiyo ndiyo nafasi. Akaoga, akajisugua mpaka mabega yakawa mekundu, akavaa shati safi, ndipo akasukuma mlango wa chumba chake mwenyewe kama mwizi.

Joto likampiga usoni. Dirisha limefungwa, pazia limeshushwa, chumba kimeiva. Akajisemea: hawa watapikika humu. Mgeni alikuwa amelazwa kwenye beseni kubwa la plastiki juu ya meza, limetandikwa blanketi, na ile taa imeinamishwa juu yake, shingo yake imekunjwa chini kabisa. Fundi akasikia huruma. Mtoto wa watu anawashiwa taa machoni! Akashika balbu ili aitoe, ikamuunguza vidole viwili papo hapo.

"Mama yangu!" akanong'ona kwa ukali, anapuliza vidole.

Mkewe akafumbua jicho moja. "Nani?"

"Mimi. Nabadilisha balbu. Lala."

"Mama anajua?"

"Mama atafurahi. Lala."

Akashika kwa kitambaa, akatoa ile ya moto, akasokota ile mpya. Mwanga mweupe ukamshukia mgeni. Mtoto akafungua kinywa kama ndege, akakifunga, akageuza uso upande. Fundi akasimama pale muda kidogo. Ngozi ya mtoto ilikuwa ya waridi, nyembamba, mishipa inaonekana kama ramani. Akatoka haraka kabla hajashawishika kumgusa.

Akabadilisha sebuleni, jikoni, barazani. Zile za zamani akazitia kwenye kopo tupu la rangi, akazipondaponda kwa kipini cha nyundo ili mzoa taka asije akakatwa na kioo. Kila moja ilivyolia pwaa, akasikia raha, kama mtu anayeua kupe.

Mama mkwe alipoingia chumbani, fundi alikuwa sebuleni ametega sikio.

"Eh! Kumepambazuka humu!" sauti ikasema. Kisha mama mkwe mwenyewe akatokeza kichwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu afike, akamchekea. "Ni wewe, baba?"

"Ni mimi, mama. Hizi hazili umeme. Washa unavyotaka."

"Mwanga mzuri, naona mpaka kwenye kona. Ile nyingine nilikuwa namvisha mgeni soksi kwa kupapasa. Mungu akuzidishie. Binti yangu hakukosea."

Binti yangu hakukosea! Fundi akakaa kwenye kochi kama mtu aliyevishwa nishani. Mpaka jioni mita haikutoa hata mkoromo. Mvua ikaanza kunyesha, na wote watatu walikula kwa furaha, wao ndani, yeye sebuleni, mlango umeachwa wazi kidogo, wanarushiana maneno.

"Mgeni leo ametulia," mama mkwe akasema. "Hata kulia hajalia."

"Ameona mwanga, amejua kwao kuna umeme," fundi akajibu.

Mkewe akacheka, kisha akasema, "Usinichekeshe, kidonda kinavuta." Mtoto wala hakushtuka.

*

Asubuhi mvua ilikuwa bado, tena ile ya kusaga meno, isiyo na ngurumo wala haraka. Fundi akaaga mlango.

"Mgeni vipi, mama?"

"Bado amelala, baba. Usiku kucha kimya, kama mtu mzima."

"Hajanyonya vizuri lakini," sauti ya mkewe ikasema nyuma.

"Mwache apumzike. Usingizi nao ni chakula."

Fundi akaenda. Alipofika kazini msimamizi akawaangalia, akaangalia mawingu, akawaambia warudi makwao, ukuta uliolowa haupakwi. Kwa hiyo kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafika mlangoni kwake, analowa, anakung'uta viatu. Akasikia sauti ya mkewe, na ile sauti ikamfanya aache kiatu kimoja mguuni.

"Mama. Mama, hebu mshike miguu."

"Nimeishika."

"Ya baridi?"

Kitanda kikalia, kama mtu anayejisogeza.

"Mama, si nakuuliza? Ya baridi?"

"Mwanangu, hii mikono yangu mimi ilishakufa. Unanijua. Naipua sufuria bila kitambaa. Mimi nitajuaje baridi?"

Fundi akasogea mpaka mlangoni. Hakubisha hodi. Mkewe alikuwa amekaa kitandani, mablanketi mabegani, anatetemeka, mgeni mapajani. Mtoto hakuwa wa waridi tena. Alikuwa na rangi ya nta, na midomo yake imepauka. Mkewe akamwekea ziwa kinywani. Tone la maziwa likatoka, likateremka shavuni, likaingia shingoni. Mtoto hakumeza.

"Hanyonyi," mkewe akasema. Alimwona mumewe, hakumwuliza amerudi saa ngapi wala kwa nini. "Amekataa tangu alfajiri. Na mimi mwenyewe nasikia baridi tangu jana, nilidhani homa ya kidonda."

"Mrudishe kwenye beseni," mama mkwe akasema. "Mrudishe chini ya taa. Akipata moto atanyonya."

Akamchukua mjukuu, akamlaza, akaivuta ile taa kwa nguvu mpaka shingo yake ikalia, akaiinamisha karibu kabisa na blanketi. Halafu akapitisha kiganja chini yake, kile kiganja kisichosikia kitu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Taa si inawaka? Inawaka. Nyeupe pee.

Akipata moto.

Fundi akavitazama vidole vyake viwili vilivyoungua jana. Halikuwa giza. Mama mkwe hakuwahi kuogopa giza. Ile taa ilikuwa jiko, Shoti alimwambia kwa mdomo wake, hilo ni jiko, na yeye fundi akaingia chumbani kwa kunyata akalizima, akaacha mwanga tupu uwadanganye. Mvua usiku kucha. Mtoto usiku kucha. Na wao wanasifu utulivu wake!

Akafungua mdomo aseme. Akamwangalia mkewe, yale macho, na kidonda tumboni, akaona akisema sasa hivi huyu mwanamke atakufa pale pale kitandani, au atamuua yeye. Na sauti nyingine, ndogo, mbaya, ikamwambia: nani atajua? Watoto wa namna hii huwa wanaondoka. Kila mtu anajua. Hata jina hawakumpa.

Aliiogopa ile sauti kuliko kitu chochote alichowahi kuogopa.

"Inukeni," akasema. "Twende kituo cha afya. Sasa hivi!"

"Mvua yote hii?" mama mkwe akasema. "Utamlowesha mgeni."

"Mfunge na kila kitu. Naleta gari."

Jirani wa nyumba ya pili alikuwa dereva wa gari la mikate, amerudi kula. Fundi akampigia dirisha kwa ngumi. Yule bwana akatoka na kijiko mkononi.

"Vipi, kuna moto?"

"Mtoto wangu, kaka. Hana moto."

Dereva hakuelewa, ila aliona uso. Akaacha kijiko juu ya ukuta, kwenye mvua, akaenda kuwasha gari.

*

Nyuma ya gari hakuna viti, kuna kreti tu. Mama mkwe alikaa juu ya kreti moja, mgeni amefungwa kanga mbili, blanketi na koti la fundi. Mkewe amekaa chini, ameshika tumbo kwa mikono miwili, kila shimo la barabara anasema "Sss." Fundi amesimama ameinama, kichwa kinagonga bati.

"Mungu akulinde, baba," mama mkwe akasema. "Mwanamume mwingine angesema tusubiri mvua ikatike. Wewe hukusita."

Fundi akageuzia uso kwenye bati.

"Nimekosea wapi?" mama mkwe akaendelea, anaongea na furushi la nguo lililo kifuani mwake. "Taa sikuizima hata dakika. Nilikuwa naamka kuiangalia. Naamka, naiona inawaka, nalala. Naamka, inawaka."

"Mama, nyamaza," mkewe akasema.

Fundi akang'ang'ania ubavu wa gari. Kila neno la yule mama lilimwingia kama msumari, na hakuweza hata kuziba masikio kwa sababu mikono ilikuwa imeshika bati.

Kituo cha afya kilikuwa na benchi refu na watu wake wanaokohoa. Muuguzi mmoja, mnene, sweta juu ya sare, alimwona mke wa fundi anavyotembea, akaacha aliyekuwa anamhudumia, akawaingiza chumba cha ndani. Akafungua nguo moja baada ya nyingine. Alipofika kwa mtoto mwenyewe akamgusa mguu. Akamtia kipimajoto kwapani, akasubiri. Akakitoa, akakitikisa, akakirudisha.

"Jina lake?" akauliza, macho kwenye kipimo.

Mke wa fundi akamtazama mama yake.

"Mtoto hana jina?"

"Tunamwita mgeni," fundi akasema.

Muuguzi akamwangalia kama mtu anayetaka kusema neno akaliacha. Akakitoa tena kipimajoto. "Hakisomi. Joto lake liko chini ya pale kipimo kinapoanzia." Akamgeukia mama mkwe. "Bibi, mtoto huyu amekaa kwenye baridi?"

"Hapana, mwanangu! Chumba kimefungwa dirisha. Na taa ya moto juu yake, usiku na mchana. Kwa Mungu wangu, sikuizima."

"Taa ya moto juu yake, na amepoa hivi?"

"Hivyo hivyo unavyomwona."

Sura ya muuguzi ikabadilika. Akaanza kusema haraka, nusu na wao, nusu na nafsi yake. "Basi hiyo si baridi ya nje. Mtoto anayepoa kwenye joto ana kitu kwenye damu. Hapa sina dawa ya hiyo. Nitamchoma hii niliyonayo, halafu lazima aende hospitali kubwa sasa hivi. Njiani ni mbali..." Akavuta droo, akatoa sindano, anaipasua karatasi kwa meno.

Fundi alikuwa anaiangalia ile sindano. Mguu wa mgeni ulikuwa mwembamba kuliko kidole chake. Akamwangalia mkewe, aliyekuwa ameegemea ukuta, midomo inacheza bila sauti. Basi ni sasa au kamwe. Asiposema, muuguzi atatibu ugonjwa ambao haupo, na mtoto atasafirishwa kwenye mvua, amepoa, kwa sababu baba yake alikuwa na aibu.

"Sista," akasema. "Taa haina moto."

"Nini?"

"Taa. Niliibadilisha balbu jana. Nikaweka hizi za LED. Zinawaka lakini hazina moto. Ukiishika ni ya baridi." Sauti yake ilikuwa inapanda yenyewe, kama ya mtoto wa shule. "Hawakujua. Mimi sikuwaambia. Sikujua kama taa ni ya... Amekaa bila moto tangu jana mchana. Mimi ndiye."

Mvua ikasikika juu ya bati. Mkewe akageuza kichwa polepole.

"Ulisema mama atafurahi," akasema.

Hakupiga kelele. Fundi angeona heri angepiga kelele.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti bila kukiangalia, kidogo akikose. "Baba," akasema, "kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuogopa, mama."

"Na mimi ningekwambiaje? Nimekuja kwako, nakula kwako, niseme pia nataka kuwasha umeme wako mchana kutwa? Nikaona aibu. Nikasema nitawasha, akiuliza nitamjibu." Akajipiga paja. "Hukuuliza!"

"Hayo mtayamaliza nyumbani," muuguzi akasema. Sindano ilikuwa imerudi mezani. "Hospitali waliwaambia muweke taa?"

Mama mkwe akainamisha uso. "Walisema tumbebe kifuani. Ngozi kwa ngozi. Lakini mwanangu ana kidonda, akimweka analia. Mimi kifua changu kikavu, nikaona mtoto hatapenda. Nikasema taa itatusaidia."

"Bibi, taa siyo mtu. Hata hiyo ya kwanza ingemuunguza siku moja, mngelia kilio kingine." Akamtazama mke wa fundi kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Wewe mwenyewe unatetemeka, huna joto la kumgawia. Bibi kalowa mpaka mifupani." Macho yake yakatua kwa fundi. "Wewe umelowa, lakini hutetemeki. Vua shati."

"Mimi?"

"Kuna mwingine anaitwa wewe humu? Vua."

Fundi akamwangalia mama mkwe. Kuvua shati mbele ya mama mkwe! Afadhali umwambie avue ngozi. Mama mkwe naye akaelewa, akageuza kiti, akakaa ameuelekea ukuta, kanga ameivutia kichwani.

"Nanuka thina, sista," fundi akasema, vifungo vinamkataa vidoleni.

"Thina tutaifuta. Baridi ndiyo inayoua leo."

Akamfuta kifua kwa kitambaa chenye sabuni, akamkausha kwa nguvu kama anayesugua sufuria. Akatoa ile nepi iliyolowa, akatafuta kavu, hawakubeba, haraka iliwasahaulisha. "Basi," akasema, "hivyo hivyo." Akamvisha mgeni kofia, akamnyanyua mtupu, akamlaza kifuani kwa baba yake, tumbo kwa tumbo, kichwa chini ya kidevu. Akawafunga pamoja kwa shuka, akaongeza blanketi juu.

Fundi akashtuka mwili mzima. Ilikuwa kama kuwekewa samaki. Hakujua binadamu aliye hai anaweza kupoa vile.

"Sista, anapumua?"

"Anapumua. Wewe pia pumua, umejibana kama mtu anayepigwa picha. Akili yake ijue kuna mtu. Mshike matako. Mshike, havunjiki!"

Fundi akamshika. Muuguzi akamwambia mke wa fundi akamue maziwa kwenye kikombe, akawa anamdondoshea mtoto tone kwenye mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tone la kwanza likateleza nje. La pili nalo. Akatoka akapiga simu, wakamsikia anagombana na mtu kuhusu gari, akarudi akasema gari litakuja, lakini hamtoki hapa mpaka huyu apate moto. Akadondosha tena.

Mkewe aliletewa blanketi na chai, akaishika hakuinywa. Macho yake hayakutoka kwenye lile shuka. Hakumtazama mumewe usoni hata mara moja. Alitazama tu pale shuka lilipoinuka na kushuka, na fundi akajua mkewe hawezi kutofautisha pumzi ya mtoto na ya baba, kwa hiyo akawa anabana pumzi ili mkewe aone. Shuka likabaki limetulia. Kisha likatikisika, kidogo mno, kama pazia dirisha likiwa limeachwa wazi kidogo. Hapo akavuta hewa.

Alitaka kusali, akakosa neno. Alitaka kuomba msamaha, lakini kwa nani kwanza? Jasho lilianza kumtoka chini ya blanketi, la woga au la joto, hakujua. Mwache, akamwambia mtoto kimoyomoyo, mwache huyu baba yako mjinga, usiondoke kwa ajili yake. Muuguzi akadondosha tone jingine. Safari hii koo dogo likacheza, au fundi alidhani limecheza. Akamwangalia muuguzi. Muuguzi akajaza bomba tena.

Halafu kitu kikamshuka tumboni. Kilianzia chini ya kitovu, kikatiririka, kikaingia kwenye suruali. Fundi akakaza mwili, hakuthubutu kusogea.

"Sista," akasema. "Amenikojolea."

Mkewe akaweka kikombe chini. Pale ukutani, mama mkwe alisahau aibu yake yote, akageuka na kiti chake mzima mzima, kanga ikamdondoka mabegani, akamkazia macho mkwe wake aliye kifua wazi.

"Mkojo wa moto au wa baridi?"

Fundi akainua uso. Machozi yalikuwa yameshafika kwenye kidevu, yanadondoka kwenye kofia ya mtoto.

"Wa moto, mama," akasema. "Wa moto."